Switch 2 haijadoda
Mkuu, umeuliza kama Switch 2, mashine ya gemu ya Nintendo, imedoda, maana umezunguka Mwanza nzima hujaiona. Haijadoda. Ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na ndani ya siku 4 Nintendo walikuwa wameuza zaidi ya milioni 3.5 duniani, hawajawahi kuanza na mashine yoyote kwa kasi hiyo. Iliyododa kweli ni Wii U, mashine yao ya zamani: milioni 13 na ushee tu mpaka inaachwa. Huku kwetu ni habari nyingine. Marekani ilianza kwa dola 449.99, na vibanda vya gemu vya Kirumba na Igoma vinaishi kwa mpira. Dogo analipia mechi moja, anataka padi ya PlayStation aliyoizoea. Mwenye kibanda atazirudishaje hela zake?