Stroberi za mbegu: mbona hazioti?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nilikula stroberi moja kubwa, tamu ajabu, nikakwangua mbegu zake kwa kisu na kuzikausha. Nimezifukia kwenye kopo lenye udongo wa bustani, kina cha pingili ya kidole, nazimwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya pili hii, kimya. Je, mbegu ni mbovu? Na zikiota, nitapata tunda kama lile?
Msomaji aliyechoka kuchungulia kopo

JIBU: Marahaba. Mbegu zako huenda hazina kosa lolote, ila umezizika. Mbegu ya stroberi ni ndogo mno, haina akiba ya kuipandisha juu kutoka kina hicho, na huota vizuri zaidi ikipata mwanga. Isie juu ya udongo laini wenye unyevu, ibonyeze kwa kiganja ishike, basi. Usiifunike kwa udongo. Funika kopo kwa nailoni inayopitisha mwanga, uliweke mahali peupe pasipo jua kali, penye nyuzi joto 18 hadi 24. Halafu ungoje: kuota huchukua wiki 2 hadi 6, na haziamki zote siku moja.

Kabla ya kusia, mimi huzikunja katika karatasi ya jikoni yenye unyevu na kuziweka ndani ya jokofu kwa wiki 3 au 4. (Si kwenye barafu, tafadhali.) Asili ya stroberi ni nchi zenye majira ya baridi kali, na mbegu nyingi zimezoea kulala mpaka baridi ipite. Ukiipa baridi ya jokofu, inadhani majira yamepita.

Huko kumwagilia asubuhi na jioni ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Udongo wa bustani una vimelea vya kinyausi, na ukiulowesha hivyo, miche itaota leo na kesho utaikuta imelala, shina limeoza usawa wa udongo. Haponi mmoja. Tumia mboji iliyoiva, uichekeche na kuichanganya na mchanga. Toboa kopo chini, ulisimamishe kwenye sahani ya maji lijinyonyee lenyewe, kisha uliondoe. Miche ikishaota, anza kuifunua kidogo kidogo ipate hewa.

Sasa hilo la tunda kama lile: la, usilitarajie. Stroberi kubwa tunazozijua ni chotara. Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirejea kwao na miche kutoka Chile. Huko Ulaya ikachavushana na stroberi za Amerika Kaskazini, na humo ndimo zilimotoka hizi za leo. Ukipanda mbegu za chotara, kila mche huja na tabia yake: mmoja mtamu, mwingine mkali, wa tatu majani matupu. Ndiyo maana wakulima huzalisha kwa vikonyo vinavyotambaa na kutoa mizizi, maana mche wa kikonyo ni mama yake yule yule.

Ukipenda mbegu kweli kweli, tafuta stroberi pori, Fragaria vesca. Tunda lake ni dogo kama ncha ya kidole, lakini harufu yake inaijaza bustani, na watoto hufanana na mama. Mimi naipenda kuliko hayo makubwa, ingawa najua wengi mtanicheka.

Miche ikiwa na majani halisi matatu (usihesabu yale mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu), ihamishe. Ikikomaa, iachanishe sentimita 30, na pale katikati yanapochipukia majani pabaki juu ya udongo, ukipafukia, panaoza.

Kopo lako usilimwage. Pekua udongo wa juu taratibu, mbegu zitakazojitokeza ziache hapo hapo kwenye mwanga, na upunguze maji leo hii.