Marathoni ya Kwanza Kabla ya Kustaafu: Maswali ya Wasomaji kwa Kocha

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nilizaliwa mwaka 1968, mwaka uleule ambao John Stephen Akhwari wa Tanzania alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico huku mguu wake ukiwa umefungwa bendeji. Kwa miaka minne nimekuwa nikikimbia kilomita 5 hadi 8, mara tatu kwa wiki, na nimeshashiriki mara mbili mbio za kilomita 10 bila tatizo. Kabla sijastaafu natamani kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Natumia dawa ya presha, ambayo kwa sasa imetulia, na kisigino changu cha kushoto hukaza kila ninapoamka. Wanangu wananiambia nitafute shughuli ya umri wangu. Je, wanasema kweli? Na kama sivyo, nianzie wapi? — Mwalimu, Morogoro

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kwa kuwa umemtaja Akhwari, nami nianzie Mexico. Sote tunamkumbuka yeye, aliyeingia uwanjani usiku, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Wachache tunakumbuka kwamba mshindi mwenyewe, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa na miaka 36, ilhali Akhwari alikuwa na 30. Waonyeshe wanao pia habari za Ed Whitlock wa Kanada, ambaye mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48, muda ambao vijana wengi wa klabu zetu za mbio wanauota tu. Mazoezi yake hayakuwa na mbwembwe yoyote: alikuwa akizunguka makaburini karibu na kwake, taratibu, kwa saa nyingi.

Hata hivyo, nakuomba usimfanye Akhwari kuwa kielelezo chako cha siku ya mbio. Yeye alikuwa kijana aliyetumwa na taifa. Wewe hujatumwa na mtu, na mguu ukigoma katika kilomita ya 30 una ruhusa kamili ya kukaa chini na kusubiri gari.

Wanao wana hoja katika jambo moja tu, nalo ni kwamba mwili wa umri wako haukimbizwi kama wa kijana. Ni kweli kwamba uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni hupungua, takriban asilimia 10 kwa kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, na pungufu ya hapo kwa anayeendelea kujizoeza. Lakini katika miaka yangu ya kufundisha sijaona wakimbiaji wengi wa rika lako wakiangushwa na pumzi. Huangushwa na kano na misuli. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, ilhali kano, ambazo hupata damu kidogo, huhitaji miezi kadhaa, na pengo hilo hupanuka kadiri umri unavyosonga. Matokeo yake ni kwamba mtu hujisikia mwepesi, huongeza kilomita, na siku moja kisigino humkumbusha kwamba hakikuulizwa.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata kilomita moja, shughulikia kisigino hicho. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa ncha za miguu, jiinue, kisha ushushe visigino polepole mpaka vipite chini ya ukingo, ukihesabu hadi tatu. Fanya mara 15, upumzike, urudie mizunguko mitatu, siku moja baada ya nyingine. Baada ya wiki kadhaa beba mkoba wenye vitabu, ambavyo najua hukosi. Kukaza kunakoisha baada ya kutembea dakika chache si jambo la kukutisha. Maumivu yanayozidi ukiwa unakimbia, au yanayokuwa makali zaidi asubuhi inayofuata, yanakutaka upunguze mbio mara moja.

Jambo la pili ni daktari. Mweleze waziwazi kwamba unakusudia kukimbia kilomita 42, si kwamba "unafanya mazoezi kidogo", na umwombe kipimo cha umeme wa moyo, ikiwezekana kile kinachofanywa ukiwa unakimbia kwenye mashine. Muulize pia dawa yako ni ya aina gani, kwa sababu baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo na nyingine hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Kama yako ni ya aina hii ya pili, ile kanuni ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kujua kikomo cha mapigo haikufai kabisa. Na hata kwa asiyetumia dawa inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi. Tumia kipimo cha mdomo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sahihi. Usiache wala kupunguza dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Sasa ratiba. Mbio za Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hivyo nakushauri ujipe miezi tisa. Baki na siku zako tatu za kukimbia. Usishawishike kufanya tano. Siku mbili kati ya hizo ni za mwendo wa kusemezana, dakika 40 hadi 60, na ya tatu, Jumamosi alfajiri kabla jua halijachomoza, ni ya mbio ndefu. Anza na kilomita 10, ongeza moja au mbili kwa wiki, na kila wiki ya tatu rudi nyuma kwa theluthi moja. Vijana huiona wiki hiyo kuwa ya uvivu, nami ndiyo ninayoilinda kuliko zote, kwa kuwa mwili hujijenga wakati wa mapumziko. Kilele kiwe kilomita 30, wiki tatu kabla ya mbio. Baada ya hapo punguza umbali hatua kwa hatua. Siku mbili nyingine fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kuinua uzito wa kiasi. Misuli hupungua na umri, na kukimbia peke yake hakuirudishi.

Njia ya Moshi inahitaji maandalizi yake. Sehemu ya kwanza hufuata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na ni ya kustarehesha, lakini baadaye hupandisha kuelekea Mweka, kisha huteremka kurudi mjini. Wageni huogopa ule mlima. Mimi naogopa mteremko, kwa sababu unapoteremka misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki huku ikivutika, na hapo ndipo huchanika na kukupa ganzi kilomita chache kabla ya uwanja. Unaishi chini ya Uluguru, basi tumia bahati hiyo: kuanzia mwezi wa tano wa mazoezi yako, kila wiki ya pili, panda kwa kutembea na uteremke kwa mbio fupi fupi. Siku ya mbio, tembea kwenye mpando bila kuona haya.

Nimalizie na onyo. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya kukimbia, hata kama wenzako wote wanafanya hivyo. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mtu aliyepungukiwa na maji ambaye pia anatumia dawa ya presha anaweza kuziumiza vibaya.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Tanga. Kundi letu la akina mama linajiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi, lakini miaka hii mbio hizo zinaangukia Ramadhani. Naweza kukimbia nikiwa nimefunga?

JIBU: Waaleikum salaam, mama yangu, na shikamoo. Suala la sheria muulize shehe. Kwa upande wa mwili, jibu langu ni hapana. Hisia ya kiu hupungua na umri, na kukimbia kilomita 21 halafu kukaa hadi magharibi bila maji ni hatari. Chagueni mbio za nusu ya pili ya mwaka, kwa mfano zile za Nairobi za Oktoba, ambako hali ya hewa ni ya baridi kidogo, ingawa kwa mtu wa pwani mwinuko wa mita 1,700 utamlazimu kupunguza mwendo. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, hivyo kufikia mwaka 2029 itakuwa imekwisha kabla ya mwisho wa Februari. Ndani ya mfungo, kimbieni taratibu dakika 30 zinazoishia kwenye adhana ya magharibi, ili tende na maji viwe karibu. Na baada ya Idi, anzeni na nusu ya umbali mliouacha.