Maswali yenu: mtoto yuko kwenye bembea, wewe uko wapi?

Safari hii mengi yametoka kwa wanaopeleka watoto kucheza Jumapili kandokando ya ziwa hapa Mwanza.

Swali: Wangu ana miaka mitatu. Nikimwacha kwenye bembea na dada yake wa miaka minane, mimi nikae mezani hatua ishirini tu, kuna shida? (Mama, Igoma)

Jibu: Ipo, na swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Huyo dada mtu naye ni mtoto, amekuja kucheza. Mwenye chini ya miaka mitano anataka mtu mzima wa kunyoosha mkono na kumdaka. Hatari yenyewe iko nyuma ya bembea: mdogo anaiona imeenda, anakatiza, hajui kwamba itarudi, na ule ubao unampata kichwani. Simama upande huo. Na simu iwe mfukoni. Anayetazama video hatazami mtoto.

Swali: Nikimpakata tukateleza pamoja si ndiyo salama zaidi? (Baba, Nyegezi)

Jibu: Ndivyo watoto wanavyovunjika miguu, kaka. Soli ya raba inakwama kwenye ukingo wa mtelezo, mguu unabaki juu, na kilo zako themanini zinaendelea kushuka naye. Mfupa wa muundi unajipinda na kuvunjika. Angekuwa peke yake, kiatu kikikwama angesimama tu. Kama hawezi kuteleza mwenyewe, huo mtelezo si wa umri wake. Mvue na sweta lenye kamba shingoni, kwa sababu kamba hunasa kwenye ngazi na kumkaba. Mtelezo ukiwa wa bati, uguse kwanza kwa kiganja. Saa saba mchana unaunguza.

Swali: Chini kuna mchanga. Akianguka si hataumia?

Jibu: Chomeka vidole. Visipozama, hiyo ni sakafu. Mchanga wa kupokea mtoto huwa umelegea, kina cha sentimita 30 hivi, na huchimbuliwa mara kwa mara. Kwa Mwanza hii, chini yake kuna jiwe.

Swali: Mwenye kiwanja si aweke mlinzi?

Jibu: Aweke. Atalinda geti na viti vya plastiki.

Swali: Na yale maputo makubwa ya kurukia?

Jibu: Kabla ya kulipa, kagua kama kamba zote zimefungwa kwenye vigingi. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, ukianza kutikisa matawi mtoe mtoto. Umeme ukikatika feni inazimika na puto linawalalia, hivyo lazima mtu mzima awepo mlangoni. Wa miaka mitatu asiruke na wa kumi.

Swali: Bembea ziko jirani na maji. Mtoto akizidiwa si tutamsikia akipiga kelele? (Kirumba)

Jibu: Hamtasikia kitu. Anayezama mdomo uko chini ya maji. Ukitokeza, anavuta pumzi tu, hana ya kupigia kelele. Mikono hapungi, anakandamiza maji pembeni. Wakikaa watu wazima kumi pamoja, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Kwa hiyo mteueni mmoja kwa jina, asiyekunywa bia, mpokezane kila robo saa. Mpira wa tairi si boya la kuokolea: unapinduka naye.

Akitolewa, acheni kumning'iniza miguu juu na kumkamua tumbo. Mnapoteza dakika na kumtapisha. Mlaze chali. Kama hapumui, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha mgandamize kifua mara 30, mpulizie pumzi 2, rudia hivyo bila kukoma. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Na hata asipozama, kwenye maji ya magotini yenye majani ndiko waliko konokono wa kichocho.

Swali: Akiangukia kichwa, nimzuie asilale?

Jibu: Kama alilia papo hapo na anakutambua, alale, umwamshe mara mojamoja. Akitapika mara kwa mara, akiwa haamshiki, akipata degedege au akitokwa na maji masikioni, ni hospitali usiku huohuo, si Panadol na kusubiri kupambazuke.