Jimbi hana kosa: nani anaamua kifaranga awe jike au dume?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Wete. Koo wangu alilalia mayai, wakatoka vifaranga 11. Sasa wamekua, majimbi ni tisa na mitetea wawili tu. Mume wangu anasema kosa ni la jimbi, tumchinje tutafute mwengine. Mama mkwe anasema ni joto, maana kiota kilikuwa nyuma ya jiko, na tena mayai yalikuwa yamechongoka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu. Mwambie shemeji aweke kisu chini.

Ndani ya seli za mwili mna kromosomu, nyuzi nyembamba zinazobeba urithi. Binadamu tunazo 46, kuku 78, na mbili kati ya hizo ndizo zinazohusika na jinsia. Kwetu sisi, mwanamke ana X mbili, mwanamme ana X na Y, basi mbegu ya baba ndiyo inayokuja na X au Y. Kwa kuku mambo ni kinyume: jimbi ana Z mbili, kuku jike ana Z na W. Jimbi hana cha kutoa ila Z. Tofauti inatoka kwa koo, naye hachagui. Ni nusu kwa nusu.

Vunja yai kwenye bakuli utazame juu ya kiini. Utaona kidoa cheupe, kidogo kama kichwa cha pini. Humo ndimo ilimo Z au W ya mama, na iliamuliwa saa chache kabla kiini hakijaachia ovari. Baada ya hapo ndipo kinapoteremka kwenye mrija, kikavishwa ute, kisha utando, mwisho gamba, kazi ya karibu siku nzima. Umbo la yai linakuja jinsia imeshapita. Yai lililochongoka halikwambii kitu.

Tisa kati ya 11 ni wengi, lakini si ajabu. Wafugaji 30 wakitotolesha vifaranga 11 kila mmoja, kwa hesabu ya kurusha sarafu, mmoja wao hupata majimbi tisa au zaidi. Safari hii umeangukiwa wewe.

Mama mkwe hakutunga, ila hilo la joto ni la kasa. Kasa wanaotaga kisiwani Misali hawana kromosomu za jinsia. Mchanga ndio unaoamua, katika theluthi ya kati ya siku za mayai kuwa shimoni. Kwenye nyuzijoto 29 hivi hutoka mchanganyiko, ukipoa wanazidi madume, ukipata moto wanazidi majike. Ndiyo maana joto la dunia linatutia hofu kwa kasa wetu. Yai la kuku likizidi moto, kifaranga hufa tu. Hamisha kiota, jikoni si mahali pake.

Niseme na hili, maana linaniuma. Nimekaa na wanawake waliolaumiwa nyumbani kwa kuzaa wasichana watupu. Mama hutoa X tu, hana nyengine ya kutoa. Na baba naye halaumiwi, kwani hachagui mbegu ipi itangulie.

Ukitaka kuwajua mitetea mapema, iko njia, na inatokana na hiyo hiyo Z. Tafuta kuku jike mwenye manyoya ya mistari myeusi na myeupe, umpandishe kwa jimbi mweusi au mwekundu asiye na mistari. Jeni ya mistari, yaani kipande cha urithi kinacholeta mistari hiyo, iko kwenye Z, na mama humpa Z yake mtoto wa kiume peke yake. Siku wanapototolewa, washike mmoja mmoja uwatazame utosini, hasa wale weusi: mwenye doa jeupe ni jimbi, asiye nalo ni mtetea.