Maswali ya Wasomaji: Akili Mnemba katika Kazi za Ofisini

Toleo hili tumeweka kando maswali mengine ili kujibu barua zinazohusu programu za kuzungumza na akili mnemba, kama ChatGPT, Gemini, Copilot na nyingine za aina hiyo, kwa kuwa wengi waliotuandikia wanafanya kazi katika ofisi za Dodoma na wilaya zake, na tayari wanazitumia, wengine kwa kificho. Majina ya waandishi na ya ofisi zao tumeyaacha.

Mhariri, shikamoo. Mimi ni katibu muhtasari katika ofisi moja ya umma. Vikao ni vingi, na mkuu wangu hutaka muhtasari uwe mezani kwake siku hiyohiyo. Mwenzangu alinionesha namna ya kubandika dondoo zangu kwenye programu ya akili mnemba, nayo hurudisha muhtasari uliopangwa vizuri kwa agenda. Lakini katika kikao kimoja iliandika kwamba "kikao kiliazimia" jambo ambalo wajumbe walilizungumza tu na kuliahirisha, tena ikaliwekea mhusika na tarehe ya utekelezaji. Nililiona kabla muhtasari haujasainiwa, ila sasa sina amani. Je, niache kuitumia? Na je, naruhusiwa kuitumia? (Katibu muhtasari, Mtumba)

Marahaba, dada. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu hilo linaweza kukuingiza matatani hata siku ambayo muhtasari umetoka sahihi bila kasoro.

Kabla ya kubandika chochote, tazama dondoo hizo zinahusu jalada gani. Ikiwa jalada lina alama ya siri ya daraja lolote, mjadala umeishia hapo: taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na maandishi unayoyabandika hayabaki katika kompyuta yako, bali husafiri hadi kwenye seva za kampuni ambayo kwa kawaida iko nje ya nchi. Jalada la wazi nalo lina mipaka yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti kuhusu ukusanyaji na uchakataji wa taarifa za watu, pamoja na kuzisafirisha nje ya nchi. Na katika vikao vya kawaida taarifa hizo zimejaa kuliko tunavyodhani, kuanzia orodha ya mahudhurio yenye namba za simu hadi ile agenda ya mtumishi fulani aliyeomba uhamisho kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hiyo mahudhurio yaandike mwenyewe, majina yaliyomo ndani ya mjadala yabadilishe kuwa Mjumbe wa Kwanza na Mjumbe wa Pili kisha uyarudishe baadaye, na agenda ya nidhamu au afya ya mtu usiibandike kabisa. Muulize pia afisa TEHAMA wenu kama taasisi imetoa mwongozo wa matumizi ya programu hizi, kwa kuwa mwongozo wa mwajiri wako una nguvu kuliko ushauri wa gazeti.

Sasa tuje kwenye azimio lile lisilokuwapo. Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria ni maneno gani yanafaa kufuata baada ya yale yaliyotangulia. Katika mihtasari mingi iliyowahi kuandikwa, mjadala huishia kwenye azimio, azimio huwa na mhusika, na mhusika hupewa tarehe. Kwa hiyo mjadala wako ulipokatika njiani, programu iliukamilisha kwa kufuata umbo ililolizoea. Haikuwa na nia ya kudanganya, lakini hilo halikusaidii, kwa kuwa azimio likishasainiwa litarudi katika kikao kijacho chini ya yatokanayo, na hapo kuna mtu atakayeulizwa kwa nini hajatekeleza jambo ambalo hakuwahi kuagizwa.

Huna haja ya kuiacha. Badilisha maagizo unayoipa. Watu wengi huandika tu "nitengenezee muhtasari", na agizo la namna hiyo linaipa programu uhuru wa kujaza mapengo. Jaribu kuandika hivi: "Panga dondoo zifuatazo ziwe muhtasari rasmi wa kikao. Usiongeze azimio, jina, tarehe wala kiasi cha fedha ambacho hakimo katika dondoo. Pale ambapo uamuzi haukutajwa, andika HAUKUTAJWA. Chini ya kila azimio, nukuu sentensi ya dondoo ulikolitoa." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu utaichukua kila nukuu na kuitafuta katika dondoo zako, usipoiona, basi azimio hilo limebuniwa. Ipe pia agenda moja kwa wakati mmoja badala ya kurundika kurasa kumi kwa pamoja, kwa kuwa katika maandishi marefu programu hizi huelekea kupitiwa na mambo yaliyo katikati. Na kama ofisi yenu ina mpangilio wake wa kuandika namba za agenda, weka mfano wa muhtasari wa zamani usio na siri, uliofutwa majina, ili iufuate.

Hata hivyo, kama ningekuwa katika kiti chako, sehemu ya maazimio ningeiandika kwa mkono wangu, papo hapo ukumbini, na kuiachia programu kazi ya kunyoosha maelezo ya mjadala peke yake. Maazimio ya kikao cha kawaida hayazidi ukurasa mmoja, na yeyote anayeusoma muhtasari huo baadaye huanzia hapo. (Wapo pia wanaorekodi kikao kwa simu ili programu ikigeuze kuwa maandishi. Bila idhini ya mwenyekiti, jambo hilo lisifanyike.)

Nikishafuta mazungumzo yangu kwenye programu, je, yamefutika kweli? (Msomaji, Nzuguni)

Yametoka machoni pako, lakini kampuni inaweza kuendelea kuyahifadhi kwa muda kulingana na masharti yake. Nyingi kati ya programu hizi zina mahali katika mipangilio ambapo unaweza kukataa mazungumzo yako yasitumike kuifundishia programu, na akaunti zinazolipiwa na taasisi kwa kawaida huwa na masharti makali zaidi kuliko zile za bure. Kilichokwisha kubandikwa, kichukulie kuwa kimetoka ofisini.

Ninatunza hesabu za chama cha ushirika cha mazao wilayani Kongwa. Wakati wa msimu huwa na orodha ya mamia ya wakulima, kila mmoja na kilo zake za alizeti. Niliibandika orodha kwenye programu ya akili mnemba nikaomba jumla kwa kila kijiji. Majibu yalikuja haraka na kwa lugha nzuri, lakini jumla ya vijiji haikulingana na jumla ya mizani. Nilipoiambia kuwa imekosea, iliomba radhi ikanipa jumla nyingine, nayo pia haikuwa sahihi. (Mtunza hesabu, Kongwa)

Ndugu yangu, uliipa kazi isiyo yake. Programu ya lugha huzikata tarakimu kuwa vipande kama inavyoyakata maneno, na inapojumlisha orodha ndefu kichwani, kwa namna ya kusema, inakadiria jibu linalofanana na jibu sahihi. Kilo 18,450 na kilo 18,540 kwake zinafanana sana, ilhali kwa mkulima tofauti hiyo ya kilo 90 ni fedha. Ile radhi nayo usiitilie maanani: ukiiambia kuwa imekosea, mara nyingi itakubali hata pale ilipokuwa sahihi.

Tumia Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu, na akili mnemba uiombe ikufundishe kanuni (formula) ya kujumlisha. Kwa mfano, ikiwa safu ya A ina majina, ya B ina vijiji na ya C ina kilo, ukaiambia hivyo na kueleza kwamba unataka jumla ya kijiji cha Mlali katika orodha inayoishia mstari wa 340, itakupa kanuni kama hii: =SUMIF(B2:B340,"Mlali",C2:C340). Kanuni hiyo unaibandika katika kompyuta yako, hesabu inafanywa na Excel, na hakuna jina la mkulima hata mmoja lililotoka chamani. Ukipata jumla ya kila kijiji, zijumlishe zote na uzilinganishe na jumla ya safu nzima. Zikipishana, chunguza tahajia, kwa kuwa mstari ulioandikwa "Mlalli" hautahesabiwa kwenye kijiji chochote.

Ni kweli kwamba baadhi ya programu mpya huweza kuandika na kuendesha programu ndogo ya hesabu zenyewe, na hapo matokeo huwa ya kuaminika zaidi. Hata hivyo, hakikisha imesoma mistari yote, si sehemu yake tu.

Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni binafsi, Area D. Niliiuliza programu kuhusu haki ya likizo, ikanitajia kifungu cha sheria na kesi ya Mahakama ya Kazi kuunga mkono. Naweza kukinukuu kifungu hicho katika barua kwa mfanyakazi?

Usikinukuu mpaka ukifungue mwenyewe. Mwezi Juni mwaka 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili wawili pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000, katika shauri lililohusu shirika la ndege la Avianca, baada ya kuwasilisha hoja za maandishi zilizotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Zilibuniwa na ChatGPT, zikiwa na majina ya wadaawa na nukuu za majaji. Mmoja wa mawakili hao aliiuliza programu yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamjibu kuwa ndiyo. Jambo hilo linatosha kuonesha kwamba uhakiki haufanywi kwa kumuuliza mshukiwa.

Kwa swali lako hasa, anza na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 31 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, pamoja na sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Hata mimi usiniamini kwa neno tu: tangu Julai 2025 linatumika toleo la sheria zilizofanyiwa urekebu la mwaka 2023, kwa hiyo fungua toleo hilo, wakati programu huenda imesoma matoleo ya zamani zaidi. Kesi uliyotajiwa itafute kwa namba katika tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu huwekwa bila malipo. Isipoonekana huko, usiitaje.

Shirika letu lina mradi wa maji Chamwino, na taarifa za vijijini huja kwa Kiswahili nasi huzituma kwa wafadhili kwa Kiingereza. Tafsiri ya akili mnemba inatosha? (Afisa mradi)

Kwa rasimu inatosha, na kwa kweli ni sehemu ambayo inaokoa muda mwingi. Kagua mambo mawili kabla ya mengine yote. La kwanza ni saa: mkutano wa saa tatu asubuhi unaweza kutokea kwa mfadhili kuwa wa alfajiri, na ratiba ya ziara ikavurugika. La pili ni jinsia, kwa kuwa taarifa ya Kiswahili haisemi kama mwenyekiti wa kamati ya maji ni mwanamke au mwanamume, na programu mara nyingi itamfanya mwenyekiti mwanamume na mhudumu mwanamke kwa mazoea iliyoyakuta katika maandishi. Kama taarifa yenu ina kipengele cha ushiriki wa wanawake, kosa hilo linageuza takwimu zenu. Andika jinsia, na saa kwa mtindo wa Kiingereza (saa tatu asubuhi iwe 9:00 a.m.), katika maelezo ya mwanzo kabla ya kubandika taarifa, na majina ya kata na vijiji uagize yaachwe yalivyo.

Nina ofisi ndogo ya vifaa vya ujenzi Makole. Umri umekwenda, kompyuta namwachia kijana wangu wa ofisini. Siku hizi barua zake zote zinafanana, ndefu, zenye salamu nyingi, na barua ya kudai deni ilitoka kurasa mbili. Anakiri kwamba anaandikiwa na akili mnemba. Nimpige marufuku?

Shikamoo, mzee. Ukimpiga marufuku ataendelea kwa simu yake mwenyewe chini ya meza, na hapo majina ya wateja wako na madeni yao yatakuwa katika akaunti yake binafsi. Mruhusu, lakini kwa masharti ambayo unaweza kuyasimamia bila kugusa kompyuta.

Mpe barua zako tatu za zamani zilizowahi kuleta majibu, afute majina ya wateja, na azitumie kuionesha programu namna ofisi yako inavyoandika. Bei, tarehe ya kufikisha mzigo na ahadi yoyote aandike yeye, asiiachie programu ipendekeze, kwa sababu mteja hatajali ni nani aliyeitunga ahadi ikiwa chini yake ipo sahihi yako na muhuri. Na kila barua akikuletea, muulize sentensi moja au mbili zina maana gani. Asipoweza kuzieleza, azifute.

Kwa ile barua ya deni, mwambie aandike mistari yake minne kwa maneno yake, kisha aiagize programu: "Nyoosha barua hii ibaki aya mbili. Usiongeze salamu. Kiasi cha deni, namba ya ankara na tarehe ya mwisho ya kulipa viache kama nilivyoviandika." Itakapotoka, alinganishe vitu hivyo vitatu na ankara yenyewe iliyo kwenye faili ndipo akuletee usaini.