Kufunika mvi kwa hina na nili

Mimi mvi zilianzia pembeni mwa paji la uso, pale pale panapoonwa na kila mtu. Dawa za dukani zinaniwasha kichwa, kwa hiyo niliegemea hina na nili (unga wa majani ya mmea wa nili, au indigo, si ile ya kufulia), na huko ndiko niliko hadi leo. Wanaoniuliza huwa nawatahadharisha mapema: rangi ya mimea haipaushi nywele, inaongeza tu juu ya rangi iliyopo. Ukipaka hina kwenye nywele nyeusi tii, utaona wekundu ukisimama juani, basi. Hina hiyo hiyo kwenye mvi inatoa rangi ya chungwa inayowaka. Anayetaka kutoka weusi hadi dhahabu atafute njia nyingine.

Habari za kahawa, majani ya chai na maji ya bitiruti mimi sizipi uzito. Zinapendeza siku ya kwanza, ukiosha nywele mara moja au mbili zimekwenda na maji. Hina inadumu kwa sababu kiini chake, losoni, hushikamana na keratini, yaani protini ya unywele wenyewe.

Nunua unga wa hina uliochekechwa laini kabisa, hasa kama nywele zako ni za kipilipili, maana chenga zikinasa humo utazitoa kwa machozi. Ukoroge kwa maji ya uvuguvugu na ndimu kidogo, uwe mzito kama mtindi, ufunike na uuache muda wa saa 8 hadi 12. Mimi nakoroga usiku. Asubuhi juu pamegeuka kahawia, ukichokonoa ndani bado ni kijani, hapo imeiva. Jipake mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikioni, vaa glovu, kisha paka fungu kwa fungu ukianzia kwenye mvi. Funga plastiki kichwani kwa saa 2 hadi 4. Suuza kwa maji mpaka yatoke safi, usitumie shampuu kwa siku mbili. Usitishwe na rangi ya siku hiyo, itakolea yenyewe.

Anayetaka weusi anafuatisha nili juu ya hina iliyokwisha suuzwa. Nili haitaki ndimu wala kulazwa: koroga kwa maji ya uvuguvugu, subiri dakika 10 au 15, ukiona juu panaanza ubuluu paka haraka kabla nguvu haijaisha. Saa moja hadi mbili zinatosha. Nili peke yake kwenye mvi hutoa ubuluu wa ajabu, kwa hiyo hina isirukwe. Ukitaka kahawia, changanya hina iliyoiva na nili iliyotoka kukorogwa, upake mara moja.

Sasa pakiti. Hina halisi haina weusi. Ukiona "hina nyeusi" inayoahidi kazi kwa nusu saa, au piko (ile rangi nyeusi ya kuchorea mwilini), mara nyingi humo mna PPD, kemikali inayoweza kukutoa malengelenge na kukuachia mzio wa maisha. Nyingine huchanganywa na chumvi za metali. Ukija kuweka blichi juu yake, nywele zinaweza kupata joto kali na kukatika. Pakiti isiyotaja viungo vyake vyote mimi nairudisha. Hata iliyo safi, ijaribu kwanza nyuma ya sikio na usubiri saa 48, na upake nywele chache ulizozitoa kwenye kitana uone rangi itakayotoka.

Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, asiguse hina kabisa, inaweza kuzivunja chembe hizo. Watoto wachanga nao wasipakwe.

Mvi zikichomoza tena, paka mizizi peke yake. Hina haichujuki kirahisi, na ukirudia nywele nzima kila safari, ncha zitazidi kuiva huku mizizi ikibaki nyuma.