Msingoje Mahafali: Nendeni Mkamwone Mwana Angali Masomoni

Wazazi wengi ninaowajua hapa Nakuru, na jamaa zetu wa Kisumu na Kakamega vilevile, hupanga safari ya kumtembelea mwana aliye ng'ambo kwa ajili ya siku moja tu: mahafali. Wanaweka akiba kwenye chama na Sacco miaka mitatu, wanashona vitenge vya sare, wanaingoja siku ya joho. Nawaelewa kabisa. Lakini kama nauli mliyo nayo ni ya safari moja, ushauri wangu ni kwamba msiitumie kwa mahafali. Nendeni katikati ya masomo, mwana akiwa bado anasumbuka.

Mahafali ni siku ya chuo kuliko kuwa siku yenu. Mhitimu hupewa tiketi chache za wageni, mara nyingi mbili. Hoteli za mji hupandisha bei. Mwana mwenyewe anahama chumba, anatafuta kazi, anaagana na wenzake. Mnapiga picha, mnakula, mnalala, kisha ni uwanja wa ndege. Na viza ikichelewa hata wiki moja, sherehe haiwangoji. Isitoshe, vyuo vingi vya Uingereza huionyesha sherehe moja kwa moja kwenye intaneti. Sisi ya binti yetu tuliitazama sebuleni kwetu, majirani wakiwa wamejaa hadi mlangoni. Nyanya yake, ambaye miguu haimruhusu tena safari ndefu, alimsikia mjukuu wake akiitwa jina, akapiga vigelegele pale pale kwenye kochi.

Binti yetu alisomea Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Tulimwendea mwaka wake wa pili, likizo ya Pasaka. Kwa miezi kadhaa sauti yake kwenye simu ilikuwa imebadilika. Ukimuuliza hali, "niko sawa, Mum" lilikuwa linakuja upesi mno.

Pasaka niliichagua kwa makusudi. Desemba tiketi za ndege ni ghali, jua la Leeds linatua kabla ya saa kumi jioni, na siku ya Krismasi hata treni hazitembei. Januari vyuo vingi vina mitihani. Likizo ya Pasaka huwa ya wiki tatu au nne na mitihani mikubwa huja baadaye, Mei. Nendeni likizo inapoanza, kaeni wiki mbili, mwondoke mapema ili mwana abaki na muda wa kusoma. Ugumu kwetu sisi wa Bonde la Ufa ni kwamba huo ndio msimu wa kupanda. Baba watoto alihakikisha mahindi ya Njoro yameingia ardhini kwanza, ndipo akakubali kufunga sanduku.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Pasipoti si shida tena kama zamani: ombi unalijaza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mtu wa Nakuru, Kisumu au Eldoret anaweza kupigwa picha na kutoa alama za vidole karibu na kwake. Viza ya Uingereza ndiyo itakayowapeleka Nairobi. Fomu inajazwa kwenye intaneti, unalipa, unachukua siku ya kwenda kutoa alama za vidole. Huruhusiwi kuomba mapema kuliko miezi mitatu kabla ya kusafiri. Jibu kwa kawaida hutoka baada ya wiki tatu hivi, lakini jipeni nafasi zaidi ya hapo.

Afisa anayeamua huenda asiwaone uso kamwe. Anaona karatasi tu, na swali lake kubwa ni hili: watu hawa watarudi kwao? Kwa hiyo mwonyesheni maisha yenu jinsi yalivyo. Mimi nina duka la vitambaa hapa mjini, na pesa nyingi huingia kwa M-Pesa. Nilitoa stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita, nikaambatanisha na ya benki, leseni ya biashara ya kaunti na karatasi za kodi za KRA. Baba watoto ni mfugaji. Alitoa malipo ya maziwa kutoka chama cha ushirika na nakala ya hatimiliki ya shamba. Tukaandika barua fupi: nani atabaki dukani, nani atakamua ng'ombe, tarehe gani tunarudi. Binti akaandika barua ya mwaliko, akatuma barua ya chuo inayothibitisha kwamba ni mwanafunzi. Msimtegemee yeye awe ndiye mdhamini wenu wa pesa. Mwanafunzi hana kipato cha kubeba wageni wawili, na afisa analijua hilo.

Linaloniuma ni kuona familia yenye uwezo ikinyimwa viza kwa sababu ya pesa iliyoingia benki kwa ghafla. Jamaa wanachanga, laki kadhaa zinatua kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba, na hakuna maelezo. Kama mliuza fahali, wekeni karatasi ya mauzo. Kama ni mkopo wa Sacco, wekeni barua ya Sacco. Kama ni mchango, semeni ni mchango na waliochanga ni nani. Msimsikilize wakala anayetaka kuwatengenezea stetimenti. Karatasi ya uongo inaweza kuwafungia mlango wa Uingereza kwa miaka kumi. Ukinyimwa viza ya matembezi kwa kawaida huna haki ya kukata rufaa, na ada hairudishwi, ingawa unaweza kuomba upya. Na akitokea mtu anayewataka mlipie kipimo cha kifua kikuu, jueni kwamba mgeni anayekaa chini ya miezi sita hakihitaji.

Bima ya afya nunueni, hata kama mnajiona wazima. Mwana analipia huduma za afya anapoomba viza yake ya masomo, lakini malipo hayo hayawahusu ninyi. Huduma ya kwanza katika idara ya dharura hamtatozwa. Mkilazwa, mgeni anayetoka nchi kama yetu hutozwa asilimia 150 ya gharama. Sisi wa umri huu wenye presha na sukari hatuna sababu ya kubahatisha. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Mizigo. Najua mtataka kumbebea kila kitu. Nyama ya aina yoyote na vitu vya maziwa haviruhusiwi, kwa hiyo mursik na samli vibaki nyumbani. Omena na samaki waliokaushwa wanaruhusiwa, mradi mtu asizidishe kilo 20. Mboga za managu zinadai cheti cha afya ya mimea, basi ziacheni. Unga wa wimbi na majani ya chai havikutuletea shida yoyote. Msinunue vichwa vya kubadilishia plagi. Soketi zao zina matundu matatu kama zetu.

Toka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, mnaweza kupanda treni ya chini ya ardhi moja kwa moja hadi kituo cha King's Cross, na hapo treni ya Leeds huchukua zaidi kidogo ya saa mbili. Wawili mkisafiri pamoja kuna kadi ya treni iitwayo Two Together inayopunguza nauli kwa theluthi moja. Inafanya kazi baada ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na wageni pia wanauziwa. Bebeni masweta halisi. Mtu wa Molo anadhani baridi anaijua, lakini upepo wa Leeds mwezi wa Aprili ni kitu kingine.

Malazi msitegemee chumba chake. Hosteli nyingi humruhusu mgeni siku chache tu na kwa taarifa, na kitanda ni cha mtu mmoja. Kodini chumba jirani. Inawapa ninyi pa kupumzika, na yeye anabaki na faragha yake.

Mkishafika, mwacheni awaongoze. Hili lilimpa baba watoto taabu kidogo, kwa kuwa nyumbani yeye ndiye anayetangulia. Kule binti ndiye anayejua basi, ndiye anayelipa kwa kadi, ndiye anayetuambia tushuke. Alitupeleka soko la Kirkgate, soko kubwa lenye paa, mahali ambapo Michael Marks alianza na meza yake mwaka 1884 na kampuni ya Marks & Spencer ikazaliwa. Mimi mwuza vitambaa nilisimama pale nikiangalia marobota na bei zake hadi wakanivuta mkono. Furaha aliyokuwa nayo binti yangu ya kutuonyesha mji wake, nisingeipata siku ya mahafali.

Chuo si shule ya bweni, na hakuna siku ya wazazi. Msiende kumtafuta mwalimu wake mkiuliza alama. Kwa sheria ya huko mwanafunzi ni mtu mzima, na mhadhiri hatawaambia lolote bila idhini yake. Na akiwafungulia mlango wa chumba chake, msianze kupanga wala kukosoa. Mimi niliomba jikoni tu. Nilipika chapati, ndengu na maharagwe, tukapakia kwenye vibakuli vidogo vyenye majina, tukavijaza ndani ya friza. Wenzake wanaotumia jiko hilo walikula nasi, na kwa njia hiyo nikawajua wanaoishi na mwanangu, jambo lililokuwa limeninyima usingizi.

Alikuwa anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Hatukujua. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na akipita hapo anahatarisha viza yake. Kwa hiyo nawasihi wazazi wenzangu, msimtumie mwana orodha ya mahitaji ya nyumbani: karo ya mdogo wake, mabati, mchango wa harusi ya binamu. Yeye hatasema hapana. Ataongeza zamu, au ataacha kula vizuri. Nilimwona akirudi alfajiri, akalala kidogo, akafungua vitabu. Hakuna simu ya video ambayo ingenionyesha hilo.

Alichokuwa anakificha alikisema tukitembea kando ya mfereji wa Leeds na Liverpool, babake akiwa mbele kidogo akitazama mashua. Alikuwa ameshindwa somo moja na alikuwa anafikiria kuacha. Sikumhubiria. Niliuliza chuo kina msaada gani, akasema kuna washauri wa wanafunzi, huduma ya bure, lakini aliona aibu kwenda. Nilimsindikiza hadi nje ya jengo, akaingia peke yake. Somo alilirudia, akalipita. Tungengoja joho, labda joho lenyewe lisingekuwepo.

Kabla hamjaondoka, muulizeni jambo moja zaidi: nyumbani tuseme nini? Jamaa watawauliza anaishi vipi, anafanya nini, analipwa ngapi, na ninyi mtakuwa mmejaa habari. Habari hizo ni zake. Binti yangu alituomba kazi ya usiku tusiitaje kwa shangazi zake hadi amalize. Tulinyamaza, hata tulipoulizwa waziwazi mezani wakati wa Krismasi. Alipomaliza aliwaeleza mwenyewe kwa simu, shangazi mmoja baada ya mwingine, na sasa ameniruhusu niandike.